Kigegezi cha Safari na Kifaa cha Mkononi

Tunawajua akina mama wanaoahirisha mwaka hadi mwaka kwenda kuwatazama wazazi wao Lamu au Faza. Nauli wanayo, wanachokiogopa ni kigegezi. Basi halijafika Mokowe wameshatapika, na mashua bado inawangoja.

Chanzo chake si udhaifu wa moyo. Ndani ya sikio mna kiungo kinachouarifu ubongo kwamba mwili unakwenda. Macho nayo, yakiwa yameelekea simu au kiti cha mbele, huuarifu kwamba mwili umetulia. Habari hizo mbili zikipingana, tumbo ndilo linaloadhibika.

Vidonge vipo na husaidia, lakini vingi huleta usingizi, na mama aliyefuatana na watoto wadogo hana nafasi ya kulala njiani. Ndiyo maana leo tunakitaja kifaa cha umeme kinachovaliwa mfano wa saa, upande wa ndani wa mkono. Mahali pake ni upana wa vidole vitatu kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono kuelekea kiwiko, katikati ya kano mbili. Waganga wa Kichina hupaita Neiguan, na chini yake hupita neva kubwa iendayo kiganjani. Kifaa hutoa mipigo midogo ya umeme. Mvaaji huiongeza polepole mpaka ahisi msisimko mwepesi katika kiganja na kidole cha kati.

Je, kinafaa? Mapitio ya utafiti ya Cochrane ya mwaka 2015, yaliyokusanya majaribio 59, yalionyesha kuwa kuisisimua sehemu hiyo kwa sindano, kwa kubonyeza au kwa umeme huwapunguzia kichefuchefu wagonjwa waliofanyiwa upasuaji. Kwa kigegezi cha safari matokeo yamehitilafiana: wako wanaopata nafuu, na wako wasiopata. Basi tusidanganywe na mwuzaji anayeahidi tiba ya hakika.

Aliyewekewa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo asikivae bila idhini ya daktari wake. Mjamzito naye aulize kwanza kliniki. Akitapika hata maji yasikae tumboni, au mkojo ukapungua na kukoza rangi, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Asiyeweza kukinunua asijione amenyimwa. Na aketi mbele garini, au katikati ya chombo baharini. Atazame mbali, aweke simu, asisafiri na tumbo tupu wala lililoshiba mno. Sehemu ile ile ya mkono aweza pia kuibonyeza kwa kidole gumba, bila gharama.

Nasi tunaosafiri naye tusimcheke. Tumpishe kiti cha mbele, tumpokee mtoto, ili naye apate kuunga udugu kama sisi.