Mbwa wa Seligman hakukata tamaa

Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani, Martin Seligman na Steven Maier waliwafunga mbwa mikanda wakawapiga shoti za umeme. Mbwa wa kundi la kwanza waliweza kuikata shoti kwa kusukuma kibao kwa kichwa. Wa kundi la pili walipigwa shoti zile zile, kwa muda ule ule, ila kwao hakukuwa na la kufanya: wahangaike wasihangaike, umeme ulikatika kwa wakati usiotegemea lolote walilotenda. Kesho yake mbwa wa makundi yote mawili wakatiwa katika sanduku lenye kizuizi kifupi ambacho mbwa yeyote hukiruka. Wa kwanza wakaruka. Wengi wa kundi la pili walijilaza wakilia, shoti ikiwapata, na njia ya kutokea iko wazi mbele yao. Hali hiyo Kiingereza kiliiita “learned helplessness”, neno kwa neno hali ya kutojiweza iliyofunzwa. Anayetaka kuieleza kwa Kiswahili, tafsiri inayomjia kwanza mdomoni ni “kukata tamaa”. Nadai kwamba tafsiri hiyo haifai. Nalisema hili nikiwafikiria walimu na washauri nasaha wa Jinja, Busoga, na wa Mbale, Bugisu, kwa sababu Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, na lugha ikishaingia shuleni haichelewi kutakiwa ibebe elimu ya walimu pia.

Wenzetu wa Kihispania walishapita njia hii, na hawajakubaliana hadi leo. Uhispania wengi huandika “indefensión aprendida”, yaani hali ya kukosa kinga iliyofunzwa. Amerika ya Kusini na Mexico utakuta pia “desamparo”, yaani kuachwa bila msaada, na “desesperanza”. Hilo la mwisho ndilo “kukata tamaa” letu, na ndilo lenye mtego. Kukata tamaa ni imani kuhusu kesho, na katika saikolojia kuna jina lake na vipimo vyake: Aaron Beck na wenzake walitoa kipimo cha hali hiyo mwaka 1974. Jaribio la mbwa halisemi neno kuhusu kesho ya mbwa. Linahusu uhusiano kati ya kitendo na matokeo, na linatuonyesha mnyama ambaye kwake uhusiano huo ulivunjwa na mtu mwingine kwa makusudi. Ukiyaita mambo hayo mawili kwa jina moja, utakuja kulihitaji jina la kukata tamaa kwenyewe ukakuta limeshatumika.

Kuna ubaya zaidi. Katika Kiswahili, tamaa anaikata mwenyewe. Sentensi ikisema “mtoto amekata tamaa”, mtendaji ni mtoto, na kosa ni lake. Sasa mtazame mtoto wa darasa la nne katika kijiji kimoja cha Bugisu. Kwa mtaala ulioanza mwaka 2007, miaka mitatu ya kwanza anafundishwa kwa Lumasaaba, kama mwenzake wa Busoga anavyofundishwa kwa Lusoga, na darasa la nne Kiingereza kinaanza kushika nafasi. Jibu la hesabu analijua, lakini swali limekuja kwa maneno asiyoyafahamu. Akijibu, amekosea. Akinyamaza, amekosea vilevile. Mahali ambapo kiboko bado kinatawala, ingawa sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 inakikataza shuleni, anachapwa kwa yote mawili. Baada ya muhula mmoja hainui tena mkono, na mwalimu anaandika kwenye ripoti kwamba hana juhudi. Jina baya la hali hiyo linamsaidia mwalimu kutojitazama.

Neno zuri lingetuzuia pia kulitumia ovyo. Baada ya maporomoko ya ardhi mlimani Nametsi, wilaya ya Bududa, Machi 2010, serikali iliwahamishia baadhi ya manusura Kiryandongo, mbali upande wa pili wa Ziwa Kyoga. Wapo waliorudi mlimani. Ni rahisi kusema watu hao wamekata tamaa ya maisha. Lakini anayerudi kwenye kahawa na migomba yake hajajilaza sandukuni. Amepima hatari mbili akachagua moja, na aliyepima na kuchagua hana uhusiano na mbwa wa kundi la pili, hata kama uchaguzi wake unatutisha.

Pendekezo langu ni “unyonge wa kuzoezwa”. Kuzoeza ni neno la mfugaji, ndilo linalotumika kwa ng'ombe wa plau, nalo halimfichi aliyefanya kazi hiyo. Mtu ataniuliza kwa nini tusiseme “kukatishwa tamaa”, ambako mtendaji wa nje yupo. Ni kweli yupo, lakini mtu hukatishwa tamaa hata kwa neno moja la dharau, ilhali hali hii hujengwa kwa kurudiwa. Wengine watasema Kiingereza kinatosha, maana wataalamu wote wanakijua. Jibu liko Masaka na Rakai. Utafiti wa tiba ya huzuni uliochapishwa mwaka 2003 ulifanyika katika vijiji 30 huko, na watafiti walianza kwa kuwasikiliza wenyeji, wakapata “yo'kwekyawa” na “okwekubagiza”, maneno ya Kiganda ambayo watu walikuwa wakiyatumia wenyewe kwa mateso yao. Tiba iliendeshwa na watu wa kawaida waliofunzwa kwa muda mfupi, na wagonjwa walipata nafuu kubwa. Wasoga na Wagisu nao watafute maneno yao. Kiswahili kinahitajika kwa sababu mwalimu wa Jinja na mwenzake wa Mbale hawaelewani kila mmoja akisema lugha ya kwao.

Pingamizi zito ni la wagunduzi wenyewe. Mwaka 2016 Maier na Seligman waliandika kwamba nadharia yao ya awali ilikuwa kinyume cha mambo yalivyo: mnyama anapoteswa kwa muda mrefu, kujilaza bila kutenda ndiyo hali ya kwanza ya ubongo, na kinachofunzwa ni kwamba kitendo chake kina nguvu. Basi kwa nini tutafsiri jina lililokwisha kutiwa ila? Nakubali kwamba istilahi ya Kiingereza imeumia. “Kuzoezwa” hakukuumia kiasi hicho, kwa kuwa kunataja alichotendewa mbwa na hakudai kujua kilichomo kichwani mwake. Na marekebisho hayo yanaendana na jambo lililoonekana tangu 1968: mbwa wale hawakutoka kwa kuitwa wala kubembelezwa. Ilibidi wavutwe kwa kamba kuvuka kizuizi, tena na tena, mpaka wakaanza kuruka wenyewe. Kwa mwalimu wa darasa la nne, hotuba ya kumtia mtoto moyo haitoshi. Amuulize swali analoweza kulijibu, akubali jibu la Lumasaaba, na alipatie alama.