Mlango wa mafuta ukigoma, weka bisibisi chini

Leo naweka kompyuta kando niongee kuhusu magari, ila mtaona sijaenda mbali.

Juzi nilikuwa nyumbani Kilungu. Taa ya mafuta imewaka, mama ana kliniki Machakos, na pale kituoni Nunguni kile kimlango cha tangi kikakataa kufunguka. Kijana wa pampu akasema, "Bosi, leta bisibisi tubandue." Nikakataa. Ni sawa na fundi wa kompyuta anayefuta kila kitu na kuweka Windows upya kabla hajauliza tatizo ni nini. Rangi inakwaruzika, bati linapinda, na bado hujui kilichoharibika.

Mfumo wenyewe una sehemu nne tu: kishikio unachovuta kando ya kiti cha dereva, kebo inayopita chini ya zulia hadi nyuma, komeo linaloshika mlango, na springi inayousukuma nje. Pima moja moja. Vuta kishikio. Kikilegea kama kamba isiyofungwa popote, kebo imekatika au imechomoka. Kikiwa kigumu, kebo ina kutu au komeo limekwama. Lakini ukisikia "tak" kule nyuma na mlango hausogei, kebo ni nzima. Springi imechoka au bawaba imejaa vumbi (na vumbi la barabara zetu mnalijua). Hapo unahitaji mtu wa pili tu: mmoja avute na kushikilia, mwingine abonyeze mlango kidogo kisha auinue kwa kadi ya plastiki. Yetu ilikuwa hiyo. Mama ndiye aliyevuta, mafuta yakaingia, tukashika njia. Jioni nikasafisha bawaba na kuipaka grisi.

Kebo ikiwa imekatika, fungua buti uondoe kava ya pembeni upande wa tangi. Kwa magari mengi utaufikia mwisho wa kebo na kuuvuta kwa koleo.

Ugomvi wangu hasa ni na wabunifu. Magari mengi ya sasa hayana kebo. Komeo linaendeshwa na mota ndogo inayofuata kufuli za milango. Gari likidhani limefungwa, au fyuzi ikiungua, hupati mafuta. (Fungua kufuli zote kwanza, kisha angalia fyuzi.) Wenye busara huweka kamba ya dharura ndani ya buti. Wengine hawaweki, na wengine huieleza kwenye kitabu cha Kijapani tu! Mimi nikiandika programu isiyo na njia ya pili ya kutokea, mteja ananirudishia kazi. Mtengeneza gari asamehewe kwa nini?

Na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8, hayo ya mota ndiyo yanayozidi kuja. Ukienda kununua, fungua buti uitafute hiyo kamba. Usipoiona, mwambie muuzaji akuonyeshe, kabla hujatoa hata shilingi.