Umeme Mdogo, Nyutro Iliyolegea

Umeme wa Unguja hutoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Waya wa kwanza, wa megawati 45, ulianza kazi mwaka 1980; wa pili, wa megawati 100, ulizinduliwa 2013. Kabla ya huo wa pili kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, kisha takriban miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Giza kila mtu huliona. Ubovu wa umeme uliomo ndani ya nyumba hauonekani, na huo ndio unaounguza vyombo kila siku.

Volti za nyumbani ni 230. Zikishuka hadi 190, hita ya maji hutoa kama theluthi mbili tu ya joto lake, wala haidhuriki. Friji ndiyo inayoumia: kompresa ikishindwa kuzunguka hubaki ikivuta mkondo mara kadhaa ya kawaida, hadi waya za mota ziungue.

Baya zaidi ni nyutro, yaani waya wa kurudishia mkondo, kulegea au kukatika kwenye jengo la fezi tatu, yaani waya tatu za kuleta umeme. Fezi yenye mzigo mkubwa hushuka, na yenye mzigo mdogo hupanda kuelekea volti 400. Taa za chumba kimoja hufifia huku za chumba cha pili ziking'aa kupita kiasi. Hapo ni kuzima swichi kuu mara moja na kumwita fundi.

Mji Mkongwe wa Unguja una sababu zake za ubovu huu. Kuta za mawe na chokaa hunyonya unyevu, hewa ya chumvi hula shaba, na viungio hugeuka kijani. Waya zilizotandikwa kwa ajili ya taa chache leo zinabeba viyoyozi vya hoteli. Tena kompyuta, chaja na taa za LED huvuta mkondo kwa vipande vipande, na sehemu ya mikondo hiyo, badala ya kufutana, hujumlishana kwenye nyutro na kuipasha moto.

Wenye nyumba wengi hukimbilia stabilaiza. Ni kosa: ili ipandishe volti, stabilaiza huvuta mkondo zaidi, na kiungio kibovu huzidi kuungua. Kipimo ndicho cha kutangulia. Vyombo vikiwa vinafanya kazi, fundi apime volti kwenye swichi kuu, kisha kwenye soketi ya mbali kabisa. Zikiwa ndogo tangu kwenye swichi kuu, taarifa ipelekwe ZECO, shirika la umeme la Zanzibar. Zikipotelea njiani, ubovu umo ukutani, na gharama ni ya mwenye nyumba.