MAONI: Hiyo meseji ya mwalimu wa Sayansi, msomee mathe

Wacha nikuulize swali moja, na unijibu kwa ukweli. Kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa la ndugu yako mdogo liko kwa simu ya nani? Kama liko kwa simu yako, kaa hapo tuongee.

Kwetu liko kwa yangu. Mathe ana mulika mwizi na hana haraka ya kuibadilisha, kwa sababu chaji inakaa siku nne na hakuna mwizi anayeitamani. Anauza mboga hapa mtaani Eastlands. Dadangu mdogo alipoingia Gredi ya 7, shule ilitaka namba ya mzazi iliyo na WhatsApp, na mathe akaandika yangu. Hivyo ndivyo kijana wa miaka 24, aliyeacha chuo akiwa mwaka wa pili, alivyojipata akiitwa "mzazi" kila siku na watu asiowajua.

Siku tatu za kwanza nilisoma kila kitu. Pesa za karatasi za mtihani. Sweta iliyopotea. Mchango wa mazishi. Maombi ya saa kumi na moja alfajiri. Video ya mwanasiasa. Mama mmoja anauza mayai ya kienyeji, baba mwingine anajibu kila meseji kwa "Amina", hata ile ya sweta. Siku ya nne nikanyamazisha kundi na kuendelea na maisha yangu. Nina hakika hata wewe ungefanya hivyo. Labda ushafanya.

Kosa langu lilijulikana kupitia kabeji.

Jumapili moja jioni mathe alirudi kutoka kibandani akapata dadangu amekata kabeji ya zambarau, ile moja iliyobaki, na kuichemsha. Sufuria imejaa maji ya rangi ya wino. Kabeji ya zambarau si kama sukuma. Wateja wake ni wachache na bei yake iko juu, kwa hivyo mathe aliwaka. Dada akasema mwalimu wa Sayansi amewaambia walete hayo maji. Mathe akauliza ni mwalimu gani huyo anafundisha Sayansi kwa kabeji. Maji yakamwagwa, mtoto akaambiwa aache uongo, akalala bila kusema neno.

Jumatatu alienda shule mikono mitupu. Kumbe kikundi chao kilikuwa kimegawana kazi, na yeye ndiye alipaswa kuleta hayo maji. Wenzake wanne walileta ndimu, sabuni, siki na majivu, lakini hawakuwa na kitu cha kuvipimia. Wakakaa wakitazama vikundi vingine. Aliponisimulia hakuwa analia. Alikuwa anaongea polepole tu, kama mtu mzima aliyechoka, na hiyo iliniuma zaidi.

Usiku huo nikafungua kundi. Katikati ya mayai na mazishi nikapata meseji ya mwalimu wa Sayansi, ya Ijumaa. Ilisema hivi:

"Habari wazazi. Wiki hii tumeanza asidi na besi. Wiki ijayo tutatengeneza kiashiria, yaani kitu kinachobadilika rangi kikikutana na asidi au besi. Cha dukani hatuna, kwa hivyo tutatumia maji ya kabeji ya zambarau. Robo ya kabeji inatosha kikundi cha watoto watano. Asiyeweza kupata aniambie mapema, nitagawa yangu. Muulizeni mtoto nyumbani: ndimu ni asidi au besi? Na umejuaje?"

Asiyeweza kupata aniambie mapema. Hiyo sentensi ilikaa mfukoni mwangu kutoka Ijumaa hadi Jumatatu. Nikarudi nyuma zaidi nikakuta kuna moja ya kila Ijumaa, tangu muhula uanze. Zilikuwa saba, na sikuwa nimesoma hata moja.

Asubuhi nikamsomea mathe. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Jioni akaja na robo ya kabeji ndani ya karatasi. Tukaichemsha, tukagawa maji kwa vikombe viwili. Dada akakamua ndimu kwa kimoja, maji yakawa ya waridi. Kwa kingine akatia magadi, yale yale mathe huuza ya kulainisha mboga za kienyeji, maji yakaenda kijani. Mathe akainua kikombe akakitazama kwenye taa. Halafu akauliza, "Kwa hivyo mboga nikizitia magadi zinabaki kijani, ni mambo ya hii besi?" Dada hakujua. Akaandika hilo swali kwa daftari ampelekee mwalimu.

Mathe aliachia masomo darasa la sita. Kwa miaka yote niliyosoma mimi, sikuwahi kumsikia akiuliza swali la Sayansi. Na shida haikuwa akili yake, kwa sababu umeona swali lenyewe. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia tunasoma nini.

Najua kuna msee hapo anasema, "Buda, wazazi wetu hawakuambiwa chochote na bado tulisoma." Sawa. Lakini sisi tulisoma 8-4-4, ambapo kila kitu kilingoja mtihani mmoja wa mwisho. Ndugu zetu hawako huko tena. JSS ilianza Januari 2023, na hesabu ya alama imebadilika. Matokeo ya mtoto anapomaliza Gredi ya 9 hujumuisha asilimia 20 kutoka kwa mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6, asilimia 20 kutoka kwa tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8, na asilimia 60 kutoka kwa mtihani wa KJSEA. Maana yake ni kwamba kazi anayofanya akiwa Gredi ya 7 inahesabiwa. Mzazi akingoja karatasi ya mwisho ndipo aulize mtoto anaendeleaje, sehemu ya jibu imeshaandikwa bila yeye kujua.

Halafu kuna ile njia ya kuchagua. Kabla ya kuingia Gredi ya 10, mwanafunzi anachagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, au sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Huyo ni mtoto wa miaka kama 14 au 15. Mzazi atamshauri vipi kama hajawahi kujua ni somo gani humfanya aongee wakati wa kula, na gani humfanya anyamaze?

Nayasema haya nikiwa na kidonda changu. Shule ya upili nilianza kupotea kwenye Fizikia nikiwa kidato cha pili. Mwalimu alijua, kwa sababu alinirudishia karatasi mwenyewe. Lakini nyumbani ripoti zilifika na maneno yale yale muhula baada ya muhula: "Ana uwezo, ajitahidi zaidi." Ajitahidi wapi? Afanye nini? Mathe alipeleka ripoti kwa jirani asomewe, akaambiwa kijana ana uwezo, akafurahi. Nilimaliza na gredi ya kubahatisha, nikaingia kozi ya chuo ambayo sikuielewa, nikatoka. Mathe alijua nimetoka muhula mzima ukiwa umeisha. Siwezi kumlaumu mwalimu mmoja kwa maisha yangu yote, na mimi mwenyewe nilificha mengi. Lakini meseji moja ya kweli ingefika mapema, angalau tungekuwa wawili tunaoijua shida.

Sasa tuwe wa haki kwa walimu pia. JSS iliwekwa ndani ya shule za msingi, na nyingi ya shule hizo hazikuwa na maabara. Walimu wengi walianza kama wanagenzi kwa Sh20,000 kwa mwezi, kabla ya makato. Unakumbuka mgomo wao wa 2024. Mwalimu wa aina hiyo akikaa Ijumaa jioni kuandika sentensi sita kwa bando lake mwenyewe, na kuahidi kugawa kabeji yake, anafanya kazi ambayo hakuna anayemlipa. Shule zigharamie hilo bando. Ni pesa kidogo kuliko wino wa kuchapisha ripoti.

Na wazazi wamheshimu. Nimeona mzazi akimpigia mwalimu saa nne usiku kuuliza kuhusu kalamu. Nimeona mwalimu akiandika somo zima vizuri, halafu jibu la kwanza linakuwa, "Na zile pesa za safari mtarudisha lini?" Huyo mwalimu wiki ijayo ataandika kwa moyo gani?

Walimu nao wako na lao la kurekebisha. Meseji ya somo isichanganywe na ya pesa, kwa sababu mzazi asiye na pesa akiona neno "wazazi" anafunga simu kabla hajafika mstari wa pili. Alama za mtoto mmoja zisiwekwe mbele ya watu themanini. Hata picha za watoto wakifanya jaribio, haijalishi zinapendeza vipi, zina sheria yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda mtoto, na mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data ilitoza shule moja faini ya zaidi ya Sh4 milioni kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila idhini ya wazazi. Maneno yanatosha. Tumesoma nini, muulize nini, alete nini, na asipopata atumie nini badala yake. Mambo manne tu. Na kwa wale wenye simu za mulika mwizi, mtoto anaweza kuyanakili kwa daftari dakika tano kabla ya kengele.

Kuna faida nyingine ambayo sikuitarajia. Wiki chache baada ya kabeji, mwalimu aliandika mapema kwamba somo linalofuata ni uzazi wa binadamu, pamoja na hedhi. Kundi likachemka. Wengine walisema watoto wanaharibiwa. Mwalimu hakugombana na mtu. Aliorodhesha atakachofundisha, akasema mwenye swali amwandikie kando. Nilipomsomea mathe, aliniambia nitoke nje kidogo. Alikaa na dadangu karibu saa nzima. Sijui waliongea nini na si lazima nijue. Ninachojua ni kwamba huyo msichana hakuenda kusikia habari za mwili wake kwa mara ya kwanza darasani, huku wavulana wakicheka nyuma. Mama alikuwa amefika kwanza. Alifika kwanza kwa sababu aliambiwa.

Kwa hivyo, wewe uliye na hilo kundi kwa simu yako, kazi iko kwako. Najua uko bize na hasla. Najua hukuzaa mtoto yeyote. Lakini kama mzazi wako hasomi meseji, au hana simu ya kuzipokea, wewe ndiye daraja. Na mara nyingi daraja hilo hupitisha pesa peke yake. Tunakimbia kumwambia mathe kuna mia mbili za mtihani, halafu yale mengine tunayaacha yalale.

Toa kundi kwenye ukimya, hata kama ni Ijumaa tu. Tafuta jina la mwalimu, ruka mayai na siasa. Soma meseji kwa sauti, kwa lugha ambayo mzazi wako anaielewa, hata kama ni Kikamba au Kiluo. Muulize mtoto lile swali mbele ya mzazi. Kama kuna kitu cha kuletwa na nyumbani hakuna, mwambie mwalimu kabla ya Jumapili, usione haya. Halafu mjibu mwalimu mstari mmoja: "Tumesoma, asante, tulijaribu nyumbani." Mimi nilimwandikia hivyo siku tuliyopima magadi, nikamwomba radhi pia kwa ile Jumatatu. Alijibu kwamba hilo ndilo jibu la kwanza alilopata tangu muhula uanze. Sio la kwanza kutoka kwetu. La kwanza kutoka kwa mzazi yeyote, kwenye kundi la watu zaidi ya themanini. Ijumaa saba alikuwa anaandikia ukuta.

Lile swali la mathe lilirudi na majibu, nusu ukurasa wa daftari kwa kalamu nyekundu, likieleza kwamba ndiyo, besi husaidia rangi ya kijani ya mboga isififie zikichemka, lakini ikizidi inaharibu vitamini. Mathe amepunguza magadi kwenye chungu chake. Wateja nao anawaambia, na anawapa sababu.

Siku hizi Ijumaa akifunga kibanda haanzi kwa kuniuliza kama nimepata kazi. Anaweka kapu chini, anavua leso, anauliza: "Mwalimu wa kabeji ameandika?"

Kwenu je, ameandika nini wiki hii? Kama hujui, simu iko mkononi mwako sasa hivi.