Eti "Sisi Tumezoea Joto"!

Wadau, kuna maneno matatu ambayo nikiyasikia tena kwenye shughuli yoyote ya Wabongo hapa Dallas, nitaweka sahani yangu ya pilau chini na kuondoka: "Sisi tumezoea joto." Yanasemwa kwa kicheko, soda mkononi, kiyoyozi kikinguruma juu ya vichwa vyetu. Anaambiwa hivyo kila ndugu anayepiga simu kutoka Minnesota kuuliza kama ahamie huku. Na mimi nilikuwa bingwa wa kuyasema. Leo nayafuta, hata kama mtanirushia mawe.

Nilihamia Texas mwezi wa tano 2022, baada ya miaka tisa Minneapolis. Aliyewahi kuishi kule hahitaji maelezo. Tarehe 30 Januari 2019 kipimo kilishuka hadi nyuzi joto 33 chini ya sifuri, nami nilikuwa kituo cha basi naenda kubeba boksi, kope zimegandana. Ndiyo, mwandishi wa habari mwenye shahada, mchana kalamu usiku boksi, mnayajua wenyewe. Kwa hiyo nilipofika huku na kumaliza majira ya baridi ya kwanza karibu yote na koti moja jepesi, nikalewa. Nikaandika hapa hapa makala ya kusifia: hakuna barafu ya kukwangua kwenye kioo cha gari, hakuna kodi ya mapato ya jimbo, nyumba zinapatikana, ukitoka nje jioni unadhani uko Magomeni. Nikamalizia kwa kuwauliza wa kaskazini mnangoja nini.

Kuna mtu aliisoma akaacha kungoja. Ni kaka mmoja wa Tanga niliyepanga naye Minneapolis, tulizoea kumwita Shemeji. Akafungasha, akaja mwezi wa nane 2023, akalala sebuleni kwangu, na ndani ya wiki moja akapata kazi ya kupakua makontena kwenye ghala moja. Siku ya tatu ya kazi, saa tisa alasiri, nje kukiwa na nyuzi zaidi ya 40 na ndani ya trela la chuma Mungu ndiye ajuaye, Shemeji akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Kisha akaanguka. Kabla ya hapo alikuwa amemwambia msimamizi wake kwamba kichwa kinamzunguka. Jibu alilopewa: "Wewe si unatoka Afrika?"

Alikaa hospitali siku sita. Figo zilitetereka, kisha zikarudi. Mungu mkubwa. Bili haikuwa na utani, na mwajiri hakuwa na bima ya kuumia kazini. Nilipofuatilia kwa hasira zangu za kiuandishi nikakuta hajavunja sheria yoyote! Texas ndiyo jimbo ambalo kwa ujumla linamwachia mwajiri binafsi aamue mwenyewe kama atakata bima hiyo au la.

Habari ikafika kwenye kijiwe chetu cha Jumapili. Mnajua walichosema? Walicheka. "Mtu wa Tanga kazimia kwa joto!" Pale ndipo nilipogundua kwamba yule msimamizi na sisi tunaamini kitu kile kile: kwamba Mwafrika ana ngozi ya pekee, hahitaji maji wala kivuli. Akisema yeye tunaita ubaguzi. Tukisema sisi tunaita ushujaa.

Sasa tuongee ukweli. Mwili hujifunza joto polepole, huchukua wiki moja hadi mbili, na ukikaa mbali nalo wiki chache tu huanza kusahau. Mazoea ya joto hayakai kwenye damu wala kwenye pasipoti. Mtu aliyekaa Minneapolis miaka kumi, kwa joto la Texas, ni Mminnesota kama mzungu wa kule. OSHA, idara ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia usalama kazini, inaeleza kwamba kati ya asilimia 50 na 70 ya vifo vya joto kwenye kazi za nje hutokea siku chache za mwanzo. Ndiyo maana inashauri mfanyakazi mpya aanze na asilimia 20 ya kazi siku ya kwanza, aongezewe asilimia 20 kila siku. Shemeji alianza na asilimia 100. Siku ya tatu. Hesabu wenyewe.

Na hilo joto la nyumbani tunalojivunia ni lipi? Dar mwezi wa pili mchana ni nyuzi 32 hivi, jasho linatiririka kweli, lakini kuna upepo wa bahari na saa nane mchana mwenye akili timamu yuko chini ya mwembe. Dallas mwaka 2011 ilipata siku 71 zilizofika karibu nyuzi 38 au kuzidi, 40 kati ya hizo zikiwa mfululizo. Huko Phoenix, Arizona, ambako wengine sasa mnakupigia hesabu, mwaka 2023 zilipita siku 31 mfululizo za nyuzi 43 na zaidi, na kaunti ya Maricopa peke yake ikahesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto. Hiyo si Kariakoo, jamani.

Lakini hali ya hewa siyo kesi yangu. Kesi yangu ni sheria. Minnesota, jimbo la theluji, ina kanuni ya joto kwa maeneo ya kazi ya ndani. Texas, jimbo la tanuri, haina! Minnesota mwenye nyumba analazimika kukupa joto la nyuzi 20 tangu Oktoba hadi Aprili, na kuna kanuni inayokulinda usikatiwe umeme wa kupashia nyumba wakati wa baridi. Kule baridi inachukuliwa kuwa adui wa wote, kwa hiyo serikali imeingia vitani. Huku joto ni shauri lako.

Miji ilijaribu. Austin mwaka 2010 na Dallas mwaka 2015 zilipitisha sheria kwamba mjenzi apewe dakika 10 za kupumzika na kunywa maji kila baada ya saa nne. Dakika kumi! Mwezi wa sita 2023, Gavana Greg Abbott akasaini sheria ya HB 2127 inayozuia miji kuweka masharti ya kazi yanayozidi yale ya jimbo, na jimbo lenyewe halina sharti la maji. Houston na San Antonio zikaipinga mahakamani. Florida nayo ikafuata mwaka 2024 kwa sheria inayozikataza kaunti na miji kuwawekea wafanyakazi kinga za joto. Najua mtaniambia sheria ya Dallas ilihusu wajenzi tu, isingemgusa Shemeji wa ghalani. Kweli kabisa. Ila mlango ambao siku moja ungefunguliwa mpaka ghalani ndio huo uliofungwa kwa kufuli.

Ninawasikia mkisema: "Kodi ya mapato hakuna!" Haya. Kima cha chini cha mshahara Texas ni dola 7.25 kwa saa, hakijaguswa tangu 2009. Minnesota kimeshapita dola 11. Kodi ya majumba huku ni kati ya zile za juu nchini, na mpangaji anailipa kupitia pango. Texas ilikataa kupanua bima ya afya ya Medicaid, na inaongoza Marekani nzima kwa watu wasio na bima. Kodi usiyomlipa gavana unailipa hospitali, tena ukiwa umelala chali.

Na msidhani mmeikimbia baridi. Februari 2021 theluji iliikuta Texas haijajiandaa, zaidi ya nyumba milioni 4.5 zikakosa umeme, na hesabu ya jimbo lenyewe ikataja vifo 246.

Naomba nieleweke. Sisemi msihame. Mimi mwenyewe bado niko hapa, na kuna mambo mengi nayapenda. Ninachopinga ni kuuziana Texas kama mbuzi kwenye gunia. Mtu akikupigia simu kutoka kaskazini, usimwambie amezoea. Mwambie aulize kabla hajasaini: mna bima ya kuumia kazini? Mfanyakazi mpya anaanzaje kwenye joto? Maji yako wapi, na nikienda kuyanywa nakatwa saa? Na mwambie kwamba anayeanza kuchanganya maneno kwenye joto si mvivu, anakufa: piga 911, mpeleke kivulini, mmwagie maji.

Na vyama vyetu je? Tukipata msiba, ndani ya siku mbili maelfu ya dola yamechangwa kusafirisha mwili, na ni jambo la heri. Lakini sijawahi kuona ajenda ya kikao hata kimoja inayosema "maji". Hatujawahi kupeleka hata barua moja kwa mbunge wa jimbo, na wengi wetu tuna uraia na kura. Tumejipanga vizuri sana kwa ajili ya maiti. Aliye hai tunamwambia amezoea.

Shemeji amerudi Minneapolis. Nilipompigia juzi nikamwomba radhi kwa ile makala yangu. Akacheka, akasema: "Shem, baridi unaivalia koti. Joto likishakuvua shati, kilichobaki kuvua ni ngozi."

Ile makala ya kusifia nimeiacha pale pale, sijaifuta. Isomeni, kisha msome hii. Naomba kuwasilisha.