KIPIMO CHA DAMU SI CHETI CHA KAZI

Machi 2021 jirani zetu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, walizindua kipimo chao cha korona cha haraka, cha damu. Tunawapongeza. Lakini tujue kinapima nini. Hakitafuti kirusi chenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaunda baada ya kuvamiwa. Askari hao huchukua wiki moja hadi tatu kuonekana. Basi mchuma chai mwenye homa ya siku tatu akipimwa damu, huenda akaambiwa hana kitu, arudi shambani, na huko awaambukize wenzake. Aliyekwisha kupona, au aliyechanjwa, damu yake yaweza kuonyesha kingamwili. Huyo naye asimamishwe bila mshahara?

Juni 2020 tume ya Marekani inayosimamia haki sawa za ajira iliwakataza waajiri kudai kipimo hiki kabla ya mtu kuruhusiwa kazini. Kwetu pia mnyapara, hata awe hodari wa mizani ya majani, asigeuzwe daktari. Mwenye homa apimwe kwa kijiti cha puani, na siku za kusubiri majibu alipwe. Matawi yadai jambo hilo liandikwe katika mkataba wa hali bora.