Jaribio Lisilosahihishwa

Kuna neno moja katika dunia ya kompyuta ambalo limekuwa kama koti la kufichia mengi. Neno hilo ni "majaribio". Kampuni ikitoa kitu ambacho hakijakamilika, husema hilo ni toleo la majaribio. Kikikuharibikia, husema tulikwambia mapema kuwa ni cha majaribio. Ukiuliza nani anayejaribu, unaambiwa ni wewe. Ukiuliza nani anayesahihisha, hapo jibu halipatikani. Nimekuwa mwalimu kwa miaka thelathini na minane, na katika miaka hiyo yote sikupata kuona jaribio lililomfaa mtu yeyote bila msahihishaji. Hilo ndilo ninalotaka kulitetea hapa, wala sitalitetea kwa upole, maana lilinigharimu, na gharama yake haikulipwa na mimi peke yangu.

Nieleze kwanza kwa msomaji asiye na mazoea na mambo haya. Kompyuta haifanyi lolote bila mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayoiamsha mashine, inayopanga mafaili na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Ni kama uongozi wa shule. Walimu wanaweza kuwa hodari, lakini pasipo mtu wa kupiga kengele na kutunza funguo, hakuna somo. Kabla mfumo mpya haujatolewa rasmi, watengenezaji huwapa watu toleo la awali walitumie na kutaja hitilafu zake. Toleo hilo mara nyingi huitwa beta, kwa herufi ya pili ya Kiyunani, kwa kuwa lile la kwanza, alfa, kwa kawaida hubaki mikononi mwa mafundi wenyewe.

Mwaka 2016, nikiwa nimestaafu kwa miaka sita, mjukuu wangu aliyekuwa akisomea mambo hayo chuoni alikuja likizo. Akaitazama kompyuta yangu, ile niliyopewa na wanafunzi wangu wa zamani siku waliponiaga, akasema, "Babu, kuna mfumo mpya unakuja. Watu wanaujaribu kabla haujatoka. Nikuwekee?" Nikamwambia aweke. Sitausingizia umri. Nilitaka na mimi, mzee wa miaka sitini na sita, nihesabiwe miongoni mwa wa kwanza. Mfumo wenyewe siutaji, wala si mmojawapo wa hii nitakayoizungumzia mbele, kwa kuwa kosa la kwanza lilikuwa langu.

Kosa hilo ni hili. Nilikuwa mweka hazina wa chama chetu cha kufa na kuzikana, chama cha walimu wastaafu, watu arobaini na mmoja. Tangu Januari mwaka ule nilikuwa nimeacha kuandika michango katika daftari, nikawa naiingiza katika kompyuta tu. Mwanachama akilipa nilimwandikia kikaratasi na kutia sahihi, basi. Kwenye droo nilikuwa na flashi mbili, zote tupu.

Majuma ya kwanza nilifurahi. Mfumo ule ulikuwa na mahali pa kuandikia maoni, nami niliandika kama mwalimu anavyoandika: tarehe, nilichofanya, kilichotokea. Niliandika mara tisa. Mara mbili kati ya hizo nilieleza jambo moja, kwamba nikifunika kompyuta na kuifunua tena, kioo hubaki cheusi, na faili nililokuwa nikilifanyia kazi hukutwa halina kitu. Kila mara nilijibiwa kwa maneno yaleyale ya shukrani, hata nukta haikubadilika. Mwalimu akiandika "vizuri" chini ya kila daftari, mtoto mwerevu hutambua kwamba madaftari hayakusomwa. Mimi sikutambua.

Mwezi wa tatu mashine haikuamka kabisa. Juma lilelile mwenzetu mmoja akafariki.

Katiba yetu ilisema kwamba familia ya mwanachama aliyelipa michango yake yote hupewa fedha kamili, na ya mwenye deni hupewa nusu. Je, marehemu alikuwa amelipa? Mimi niliamini amelipa, lakini sikuwa na maandishi. Wajumbe wawili wakasema wanakumbuka alikuwa nyuma. Fundi wa mjini aliweza kuokoa picha za harusi ya binti yangu, lakini faili la chama alilitoa likiwa tupu. Kikao kikaamua familia ipewe nusu, mengine yatazamwe baadaye. Mjane alipokuja na shemeji yake kupokea, aliniamkia kwa adabu zote, kisha akasema, "Mwalimu, mzee wangu hakuwa mtu wa madeni." Nikaangalia chini.

Siku ya arobaini alinikabidhi kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na vikaratasi vyangu, mwezi hadi mwezi, hakuna uliokosekana, kila kimoja na sahihi yangu. Nilisimama mbele ya watu nikaomba radhi. Fedha iliyobaki ililipwa kesho yake. Lakini kwa majuma kadhaa marehemu alikuwa ameitwa mdaiwa kijijini kwake, na neno likishatoka halirudi.

Wapo watakaosema: mzee, kosa ni lako, umelikiri mwenyewe, basi nyamaza. Nimelikiri, lakini sinyamazi. Kosa langu halifuti la mwingine. Mimi nilitoa taarifa mara mbili kabla ya balaa. Nilifanya kazi niliyoombwa kuifanya. Nani aliisoma?

Nilipokuwa chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nasi tulikuwa matoleo ya majaribio. Tulipelekwa katika shule za msingi kwa mazoezi ya kufundisha, vijana wa miaka ishirini tunaotetemeka na chaki mkononi. Watoto wale hawakuwa wa mchezo. Walikuwa watoto wa watu, na somo likiharibika lilikuwa limeharibika kwao kweli. Ndiyo maana utaratibu ulikuwa mkali. Mwalimu mwenye darasa alikuwapo, tayari kulichukua somo likimshinda mwanafunzi. Andalio la somo lilikuwa mezani, kila mtu ajue kinachojaribiwa leo ni nini. Na nyuma ya darasa aliketi mkufunzi na faili lake. Baada ya kipindi alikuita chini ya mti akakusomea alichokiona. Mimi niliwahi kuambiwa, "Ubao wako mzuri, lakini mtoto wa dirishani hukumwuliza swali hata moja." Neno hilo moja lilinifuata mpaka nastaafu. Lilitoka kwa mtu aliyekuwa akitazama.

Ondoa mkufunzi pale nyuma. Kitakachobaki ni kijana asiyejua kufundisha, na watoto wanaopotezewa muda. Kuliita hilo mazoezi hakuwasaidii watoto.

Wala simaanishi kwamba kampuni za kompyuta haziwezi kusahihisha. Zikitaka zinaweza. Tarehe 13 Septemba 2000 kampuni ya Apple iliuza kwa umma toleo la majaribio la mfumo wake mpya, Mac OS X, kwa dola 29.95. Naam, mjaribu alilipia kazi yake. Katika toleo lile, alama ya tofaa ambayo kwa miaka mingi ilikuwa kwenye kona ya kushoto ya kioo, na ambayo ukiibonyeza ilikufungulia orodha ya shughuli, ilihamishiwa katikati ikawa pambo tu. Watu wakalalamika. Mfumo wenyewe ulipotoka tarehe 24 Machi 2001, tofaa lilikuwa limerudi kushoto, nayo orodha yake imerudi. Ni jambo dogo, lakini linaonyesha kuwa malalamiko yalimfikia mwenye uwezo wa kubadili kitu.

Sasa tazama upande wa pili. Tangu Oktoba 2014 kampuni ya Microsoft imekuwa na mpango wa wajaribu wa hiari wa Windows, ambao wamefikia mamilioni ya watu. Tarehe 2 Oktoba 2018 ilianza kutoa toleo la Windows 10 lenye namba 1809. Siku chache tu baadaye ikalisimamisha, kwa kuwa baadhi ya watu waliliweka wakakuta mafaili yao yamefutwa. Chanzo kilikuwa hiki: mtu aliyewahi kuihamisha folda yake ya nyaraka kwenda mahali pengine, huku mafaili mengine yamebaki katika folda ya zamani, toleo jipya liliiona folda ile ya zamani kuwa haina kazi tena, likaifuta pamoja na vilivyomo. Ni kama mtumishi anayechoma kabati kuukuu bila kulifungua.

Je, wajaribu hawakuliona? Waliliona! Baadhi yao walikuwa wameandika juu ya kupotea kwa mafaili miezi kadhaa kabla. Lakini mahali pa kupelekea taarifa palikuwa na utaratibu wa kura, taarifa inayoungwa mkono na wengi ndiyo inayopanda juu. Hizi zilipata kura chache, zikazama.

Hapo ndipo ninapopandwa na hasira ya kiualimu. Tangu lini makosa yakapigiwa kura? Darasani watoto arobaini watalalamika kwamba chaki ni mbovu, na mmoja atasema kwa sauti ndogo kwamba paa linapasuka. Mwalimu mkuu anayehesabu mikono atanunua chaki. Hitilafu inayowaudhi wengi si lazima iwe kubwa, na hitilafu inayoangamiza huenda ikawafikia wachache tu. Kuijua tofauti hiyo kunahitaji mtu aketi, asome, afikiri. Hakuna hesabu ya kura itakayomfanyia kazi hiyo.

Kampuni ilieleza kwamba taarifa za waliopoteza mafaili zilikuwa sehemu moja ya mia ya asilimia moja ya walioweka toleo lile, yaani mmoja kati ya elfu kumi. Sina ugomvi na hesabu hiyo. Ila huyo mmoja ana jina, na pengine anatunza daftari la watu arobaini na mmoja. Haki isemwe pia: baada ya hapo waliongeza mahali pa mjaribu kutaja uzito wa hitilafu, na toleo lililorekebishwa likatolewa tena tarehe 13 Novemba 2018. Nawasifu kwa hilo. Walijifunza kile ambacho wakufunzi wetu walikijua na faili la karatasi.

Mjukuu wangu, ambaye sasa ni mtu mzima na anaifanya kazi hiyohiyo, hakubaliani nami kwa yote. Aliniambia juzi, "Babu, taarifa ni maelfu kwa siku. Hakuna binadamu anayeweza kuzisoma zote." Nilimjibu kwamba nami nilikuwa na shule, na mwalimu aliyezidiwa na madaftari hakuruhusiwa kuongeza wanafunzi. Kama huwezi kusoma kazi za watu milioni, usiwape watu milioni kazi. Waite elfu, uwasome. Akacheka, lakini hakunijibu.

Na wazee wenzangu wanaosema, "Achana na mambo ya vijana," nao nawapinga. Mifumo hii ndiyo iliyobeba hati zetu na picha za marehemu wetu. Ya zamani nayo haituachii nafasi ya kukataa: Windows 10 yenyewe ilifikia ukomo wa matunzo yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mwenye mashine kuukuu akabaki kujitafutia njia. Kwa hiyo tutake tusitake, mapya yatatufikia. Ni heri baadhi yetu tuyajaribu mapema na kusema yanapotuumiza, kwa kuwa hitilafu inayompata mzee mwenye mashine ya zamani na umeme wa kukatika haionekani kwenye meza ya fundi mwenye mashine mpya.

Kwa hiyo sijaacha kujaribu. Mwaka jana mjukuu aliniletea toleo jingine la awali. Safari hii nililiweka katika mashine ya pili isiyo na kitu, na daftari la chama lipo kwenye karatasi, pamoja na flashi mbili, moja kwangu na moja kwa katibu. Hayo ndiyo masharti yangu kwa yeyote atakayekubali kazi hii, na wa shule au zahanati nawasihi zaidi: toleo la majaribio lisiguse mashine yenye maisha ya watu ndani yake.

Kwa wenye kampuni nina sharti moja tu. Mnapotuomba tuandike, awepo mtu nyuma ya darasa. Nimewapelekea taarifa nne mpaka sasa, kila moja na tarehe yake. Moja ilijibiwa na mtu. Nilijua ni mtu kwa sababu aliniuliza swali.